Somo wa Mtoto wa Mafuru

Sikilizeni kwa makini, maana mwishoni kazi itakuwa yenu.

Katika kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria waliishi wanawake watatu majirani. Nyabise alikuwa na masikio: aliendesha mashine ya kusaga, na mkanda ukikaribia kukatika aliujua kwa mlio tu. Nyangeta alikuwa na vidole: alishona nyavu huku macho yake yakiangalia kwingine. Nyasatu alikuwa na mikono: alikunja spoki za baiskeli zikawa nyavu za kuchomea samaki.

Kisiwani humo, mtoto aliyevuka maji akiwa bado tumboni hupewa jina la mtu, asiye mzazi wake, aliyemwezesha kuvuka salama. Mtu huyo huwa somo wake. Ndiye humvika nguo ya kwanza, na neno lake husikilizwa katika nyumba hiyo maisha yote. Mtoto mmoja, somo mmoja.

Basi jirani yao Mafuru alikuwa akimvusha mkewe mjamzito, Nyanjige, kwa mtumbwi wa mashine kwenda hospitali. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Majirani watatu walimsindikiza. Walipofika kwenye nyavu za wavuvi, Mafuru alitoa gia ili wapite polepole. Alipoirudisha, mashine ilinguruma, propela haikuzunguka. Upepo ukaanza kuwasukuma kwenye miamba.

"Propela imekufa," akasema, akashika spana.

"Iache!" Nyabise akainamia mashine. "Meno ya gia yakiisha hukwaruza. Kule chini kwenye propela kimya kabisa. Ubovu uko juu."

"Dada, hii si mashine ya unga."

"Ndiyo maana hujapata hata kiganja cha unga. Weka spana!"

Mafuru akaiweka. Akayatazama mawimbi, akajua kwamba angeifungua propela pale, ingezama.

Nyangeta akauliza, "Shemeji, jioni unaibebaje mashine kwenda nyumbani?"

Kwa hofu ya wezi, hakuna mtu kisiwani anayeacha mashine ufukweni. Mafuru akaonyesha: mashine begani, kiganja kimeng'ang'ania mkono wa gia.

"Kumbe umeufanya mpini, ukaulegeza! Zima."

Alipozima, Nyangeta akaingiza vidole nyuma ya mashine, mahali ambapo jicho halifiki. Alipapasa, akatulia, akapapasa tena. "Kuna chuma kinaning'inia, kina tundu. Pini iliyokishika kwenye mkono wa gia imechomoka."

Waliitafuta pini sakafuni mwa mtumbwi, hawakuiona. Nyanjige akaguna kwa uchungu, na Mafuru akasahau anachotafuta.

Nyasatu akachomoa spoki iliyofunga kikapu cha chakula cha mgonjwa. Akaikata kwa koleo, akaikunja, akaijaribu tunduni, ikawa nene mno. Akaisugua kwenye jiwe la nanga hadi ngozi ya kidole ikachubuka. Mwamba ulikuwa umefika pa kuguswa kwa kasia wakati spoki ilipopenya. Akazikunja ncha zote mbili.

Mafuru akawasha, akasukuma mkono wa gia. Kla! Mtumbwi ukaruka mbele.

Hospitalini Nyanjige alipasuliwa, akajifungua binti. Wote wawili wakapona.

Siku ya kutoa jina, Mafuru alimpakata mtoto, na majirani watatu wakaketi mbele yake, kila mmoja na kitenge kipya cha kumvika mtoto mapajani.

"Bila mimi," akasema Nyabise, "propela ingekuwa chakula cha sangara."

"Na ungekaa hapo unaisikiliza tu," akasema Nyangeta. "Ubovu niliupata mimi."

"Kuupata ubovu si kuuondoa," akasema Nyasatu, akiinua kidole kilichochubuka.

"Jamani, msinichekeshe, nina mshono," akasema Nyanjige. "Tena mimi nilimbeba miezi yote, hakuna aliyeniuliza."

Wakacheka. Mafuru alijua kwamba jina moja lingempa binti yake mama wa pili, na majirani wawili wangerudi nyumbani na vitenge vyao mikononi. Akawatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeinamisha macho.

Sasa Mafuru amefungua kinywa. Mtoto anangoja, na ninyi mmeyasikia yote niliyoyasikia mimi. Haya, mwambieni: aitwe nani?