Barua ya Wakili Mbwambo

Mjini kwetu wakili wa kesi za muflisi alikuwa mmoja tu, Mbwambo. Sikudhani, mwoka mikate, alimfuata Jumatatu, kwani Ijumaa mkopeshaji angekuja kung'oa tanuri lake.

"Mheshimiwa, nimefilisika. Nitetee mahakamani."

"Laki tano, mama. Mkononi, kwanza."

"Ningekuwa nazo, ningekuja kwako kutafuta nini?"

"Swali zuri. Maswali nayo huwa nayatoza ada."

Sikudhani aliinuka, akasita mlangoni. "Basi niandikie kwamba umenikataa kwa ajili ya pesa tu. Watu wasije wakasema sheria ya muflisi imekushinda."

"Inishinde mimi?" Mbwambo alivuta karatasi. Akaandika kwamba amekagua mambo yote ya Bi Sikudhani, kwamba kesi yake anaielewa barabara na ni ya kushinda, ila mteja hana hata senti ya kumlipa wakili. Akagonga muhuri. Ulipotoka hafifu, akagonga tena.

"Usije ukasema sikukusaidia."

"Siwezi kusema hivyo, mheshimiwa."

Jumatano Sikudhani aliomba mahakamani apewe wakili wa bure, kama wapewavyo wasio na uwezo, akaambatisha barua ile. Hakimu aliisoma mara mbili.

"Huyu kesi yako anaijua yote," alisema. "Nimtafute mwingine wa nini?"

Alhamisi Mbwambo alipokea amri: tanuri lisiguswe, naye amtetee mama huyo bila malipo. Alipoinua macho, Sikudhani alikuwa ameshakaa kitini.

"Haya, wakili wangu, tunaanzia wapi?"