Kiberiti Kipi?

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyempenda sana, na mke huyo alikuwa na mguu mmoja. Mtu huyo aliitwa Mhina. Kazi yake ilikuwa kuchanja miti ya mpira katika shamba lililo chini ya milima, kukinga utomvu na kuupeleka kiwandani kwa ndoo. Mkewe, Mwantumu, alikuwa kungwi, na hakukuwa na mwali mtaani aliyetolewa ndani bila mkono wake. Siku moja ya mvua alimsaidia mumewe kubeba ndoo, akateleza bondeni, mguu ukavunjika vibaya, ukakatwa juu ya goti.

Tangu siku hiyo Mhina akawa mtu wa huruma. Alimtekea maji, akampikia, akamfulia, akamchagulia hata khanga ya kuvaa. Watu walimsifu, na kwa kweli alistahili. Lakini huruma yake ilikuwa na tabia ya mpira mbichi: mchana wa joto inalainika mpaka inanata, alfajiri ya baridi inakakamaa, na Mwantumu hakujua ataamka na Mhina yupi. Tena kuna jambo Mhina aliliacha bila mwenyewe kutambua. Aliacha kumwuliza mkewe neno lolote.

Magongo ya Mwantumu yalikuwa ya mti mtupu, hayana soli. Alianguka mara mbili kwenye mteremko mbele ya nyumba, na mara ya pili akayatundika ukutani, hakuyashusha tena. Sasa zilibaki siku tisa binti wa marehemu dada yake atolewe ndani, katika nyumba ya ng'ambo ya bonde. Wajomba wa binti walituma ujumbe kwamba atatafutwa kungwi mwingine. Mwantumu alisema sawa. Akageukia ukuta, na Mhina akaona mabega yake yakitikisika.

Akaapa moyoni kuyavisha magongo yale viatu vya mpira. Aligandisha utomvu kwa maji ya ndimu, akaukausha, akaufinyanga. Lakini jua lilipopanda, viatu vikayeyuka vikanata sakafuni kama ulimbo, na asubuhi ya baridi vikapasuka. Basi akaenda kiwandani kwa Mzee Semboja, aliyepika mpira miaka thelathini. Akamkuta amestaafu, anapanda gari kurudi kwao, dereva anapiga honi. Mhina akamweleza shida yake mbio mbio, naye mzee akamjibu kupitia dirisha: "Mpira mbichi hauna adabu, mwanangu. Utie kiberiti, kisha moto, kisha mikono yako iweke mbali!" Gari likaondoka.

Mhina alielewa kama ambavyo wewe ungeelewa. Alikwenda uani, akawasha njiti, akautia mpira kiberiti. Uliwaka, jamani! Moshi mweusi ulitanda, matone ya moto yakadondoka, moja likamkaa kwenye kidole gumba. Siku ya pili akarudia, maana alidhani hakuchoma vya kutosha, na majirani wakaanua nguo zao huku wakinung'unika. Zikabaki siku nne. Mhina akaketi katikati ya masizi, akalia kama mtoto, akiyarudia kwa sauti maneno ya mzee: utie kiberiti, kisha moto.

Mwantumu alikuwa amejikokota mpaka kizingitini, anamtazama. Akamwuliza kwa upole:

"Kiberiti kipi, mume wangu?"

Mhina akainua uso. Hakujua kama kuna viwili. Mwantumu akamwagiza ashushe kikapu chake cha ukungwi kutoka juu ya kabati. Ni Mhina mwenyewe aliyekipandisha huko baada ya ajali, ili mkewe asihuzunike kukiona. Ndani yake, chini ya liwa na udi, mlikuwa na kikopo cha unga wa manjano: kiberiti upele, ambacho Mwantumu alikichanganya na mafuta kuwatakasa mabinti ngozi. Hicho ndicho wazee wakikitaja husema kiberiti tu, wakamwachia msikilizaji kazi ya kuuliza.

Wakafanya kazi pamoja. Mwantumu ndiye aliyeukoroga unga ndani ya utomvu, kwa kuwa mkono wake ulizoea kukoroga kitu mpaka kisibaki na chembe. Wakaugandisha, wakaukamua, wakaukausha siku mbili, wakaushindilia katika mikebe miwili, wakaifunga kwa waya na kuifukia ndani ya sufuria ya mchanga juu ya moto. Nyuzi za mpira mbichi ni kama nywele zisizosukwa, kila uzi na njia yake. Kiberiti kikipata moto huzifunga uzi kwa uzi, na zikishafungwa hazifunguki tena. Lakini kazi hiyo inanuka mayai viza, na haiharakishwi.

Haikupita saa moja Mhina akashika koleo, anataka kufunua aone. Mwantumu akamshika mkono. "Iache sufuria, bwana wangu. Kidonda changu kilichelewa kupona kwa kuwa ulikifunua kila saa kukitazama. Na mimi si kidonda. Niulize, nitakujibu."

Maneno hayo yalimwingia Mhina kuliko harufu ya sufuria. Mhina aliweka koleo chini, akakaa kando ya mkewe. Kisha akamwuliza atavaa khanga gani siku ya binti. Mwantumu akacheka mpaka akajifuta machozi, akamtajia. Wakazungumza hadi alasiri, na moto ukafanya kazi yake bila kuangaliwa.

Mikebe ilipopoa wakaifungua. Soli zilikuwa nyeusi, nzito. Ukizibonyeza zinabonyea, ukiziachia zinarudi. Jua halikuzilainisha na baridi haikuzipasua. Mhina aliweka kipande kilichobaki juu ya kikaango cha moto ajaribu. Kikafuka moshi, lakini hakikuyeyuka.

Siku ya tisa Mwantumu alishuka mteremko kwa magongo yake yaliyovishwa soli, kikapu begani, akavuka bonde, wajomba wakampisha, akamtoa binti wa dada yake. Mhina alimfuata hatua tatu nyuma, roho mkononi, na mikono yake ameiweka mbali.

Huruma peke yake ni mpira mbichi, ndugu zangu. Hufuata hali ya hewa, na hakuna awezaye kuiegemea. Basi wewe uliye na mtu nyumbani unayemhurumia, kikapu chake umekiweka wapi?