Mmea Uliokinga Umande

Sikilizeni, wanangu, niwatolee ya mlimani. Zimwi lilikausha chemchemi zote, na mtoto wa Ndeanansia alikuwa anawaka homa, midomo imempasuka. Mama akambeba, akapanda mlima. Akaliomba maji ua jekundu, likamnyima. Akaliomba ua jeupe, likamnyima. Akaupigia magoti mmea unaotambaa, wenye viua vya kijani visivyo na petali.

“Mwanangu anakufa, ndugu yangu.”

“Sina uzuri, mama, ila majani yangu ni viganja vilivyokinga umande. Mnyweshe.”

Mtoto akanywa, akafumbua macho. Zimwi likaja, likaung'oa mmea kwa hasira. Lakini kila pingili iliyobaki udongoni ilikuwa na mizizi yake, ikachipua upya. Zimwi likachoka, likahama.

Ndeanansia akalia kwa furaha. “Ahsante, mzazi mwenzangu, uliyemnywesha mwanangu kama wako.”

Ngano yangu imefika. Mwenye shukrani aitikie.