Bluberi za Mgeni

Aliyemwambia Mama Namsifu kwanza habari za bluberi alikuwa wifi yake, Nakiete, mchumaji katika shamba moja la matunda hayo huko milimani. Jumamosi moja alishuka na kikopo cha plastiki kinachoonyesha ndani, kimejaa vitunda vya buluu, vya mviringo kama gololi.

"Wifi, hizi ni za kaka," alisema. "Kazini wanatuambia zinafaa kwa moyo na mishipa ya damu. Si dawa, vidonge vyake asiache. Lakini mtu wa presha ni afadhali atafune hizi kuliko yale maandazi yake."

Mama yule alishukuru mpaka machozi yakamlenga. Presha ya mumewe ilikuwa inamtisha kweli. Siku nyingine baba huyo alirudi kutoka shambani amekishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kitadondoka.

Sasa niambieni, mama zangu, alimpa? Wapi! Alikipandisha kikopo juu ya kabati la sebuleni, akakifunika kwa kitambaa cha kufuma. Kwa maana kitu kizuri namna ile, katika nyumba zetu, ni cha nani? Semeni tu, msione haya. Ni cha mgeni.

Jioni mumewe akanyoosha mkono.

"Acha hapo, Baba Namsifu!"

"Moja tu, mama."

"Ukitoa moja kitaonekana kimeguswa. Mgeni atasema tumempa mabaki."

Baba akatazama kabati, akamtazama mkewe. "Kwani presha ni ya mgeni au ni yangu?"

"Kunywa chai yako."

Basi wageni wakaanza kupita. Jirani alikuja kuomba chumvi. Huyo si mgeni wa bluberi. Balozi wa nyumba kumi alikuja, akapewa chai na kiazi, akaondoka. Naye hakufikia kiwango. Kila aliyeingia, mama alimpima kwa macho kuanzia viatu, na kila mara aliona afadhali asubiri mkubwa zaidi. Wakati huohuo baba anameza kidonge chake huku ameinua uso kuelekea juu ya kabati.

Hatimaye akaja mgeni hasa, na gauni lake la kanisani na kiatu cha kisigino. Nani? Nakiete mwenyewe! Mama akaona saa imefika. Akamkaribisha kwa vifijo, akateremsha kikopo, akakiweka kwenye sinia, akapiga goti, akafunua kitambaa.

Bluberi zilikuwa zimeota mvi. Zile za chini zimekuwa uji, na inzi mmoja akatoka polepole, ameshiba.

"Wifi," Nakiete akasema, "hizi si zile nilizomletea kaka?"

"Ndizo. Nilikuwa namtunzia mgeni."

"Mgeni ndiye mimi? Mimi ninayeshinda katikati yake kutwa nzima mpaka nazichukia?"

Baba akakohoa pale pembeni. "Usimlaumu, dada. Tumezitumia. Mimi nilikuwa nazitazama asubuhi na jioni. Macho yangu hayana presha kabisa."

Nakiete alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa kikopo kingine kwenye mkoba. "Hiki nacho nilikileta. Lakini sasa naogopa kukuachia." Akamwachia hivyo hivyo.

Mnacheka? Chekeni, halafu turudi nyumbani kwetu. Ile sauti laini tunayomwambia mchungaji "karibu, baba, pole na safari", waume zetu waliisikia lini? Lile neno "samahani" tunalompa mtu tuliyemkanyaga kanisani, watoto wetu tuliwapa lini? Mungu alitupa upole kwa ajili ya wanaotuugulia chini ya dari moja, nasi tumeupandisha juu ya kabati tukisubiri watu wenye viatu vizuri. Tusidhani upole unaongezeka kwa kufichwa. Unaoza, dada zangu. Siku tunayoufunua, hata huyo mgeni hawezi kuula.

Na mama yule? Mchungaji alikuwa anakuja Alhamisi kwa ibada ya nyumbani, na mkono ulimwasha sana kukipandisha kile kikopo cha pili. Lakini asubuhi ya siku hiyo alimshika mumewe bega, akamtoa nje, akafunga mlango.

"Piga hodi," akamwambia kwa ndani.

"Nimekosa nini tena, Mama Namsifu?"

"Piga hodi, baba."

"Haya. Hodi!"

"Karibu, mgeni wetu, karibu ndani, pole na safari!" Akafungua mlango, akamketisha kwenye kiti kikubwa, akammiminia bluberi zote kwenye bakuli bila kubakiza hata moja, akakaa kando yake mpaka akamaliza kula.