Sekela na Bomba Lililochomoka

"Asiyesikia pumzi hulisha hadi kukaba." Mnaisema mkicheka, vijana, kila mnapomwona mgeni akilazimishwa sahani ya tatu, kisha mnaniuliza ilikotoka. Methali hii ilizaliwa hivi, na aliyeizaa hakuwa akicheka.

Sekela wa Isongole alikuwa na mapenzi ya kushindilia. Kule Rungwe baridi haina adabu, na wenye magari huifunika injini blanketi jioni. Wengine hulitupia tu. Sekela aliiviringisha injini ya pikapu yake kama mtoto mchanga, akichomeka pindo huku na huku. Mumewe, Gwakisa, alipoanza kudhoofika, alimtunza vivyo hivyo. Uji asubuhi, uji mchana, na akigeuza uso, kijiko kilimfuata.

Asubuhi moja Gwakisa aliamka midomo imebadilika rangi. Sekela akalivuta blanketi kutoka kwenye injini kwa pupa, akampakia mumewe, wakashika njia ya hospitali.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi, barabara ikawa haina mwanzo wala mwisho. Milio ya ng'ombe ilikuja bila ng'ombe. Sekela alijiona kama anaota, na katika ndoto hiyo mumewe alikuwa anakwenda zake polepole, naye hamfikii. Aliogopa sana. Kila alipopunguza mwendo kwenye kona, gari lilikohoa, likatoa moshi mweusi. Akazidi kukanyaga mafuta. Mwishowe likazima, karibu na kibanda cha fundi Ambakisye.

"Lina njaa, fundi! Liongeze petroli!"

Ambakisye alifungua boneti, akanusa. "Njaa? Limevimbiwa, mama." Akainua bomba jembamba la mpira lililokuwa likining'inia. "Blanketi limelichomoa. Injini ikivuta pumzi wakati hukanyagi mafuta, humu kwenye chemba ya hewa hubaki hewa kidogo tu. Kifaa hiki, sensa, huipima kupitia bomba hili, kikaiambia kompyuta ya gari, 'Hewa ni haba, petroli nayo iwe haba.' Sasa bomba limetoka, sensa inapima hewa ya nje. Inadhani injini imejaa hewa, inapanda mlima. Basi inaagiza petroli, petroli, petroli."

"Na mimi nikazidi kukanyaga."

"Ukazidi kulikaba."

Fundi alirudisha bomba, akaanza kukausha plagi. Sekela akamwendea mumewe na chupa ya uji, kwa mazoea. Gwakisa akageuza uso. Safari hii kijiko hakikumfuata. Sekela aliinama, akaweka sikio kifuani mwake, akasikia mlio kama wa chungu kinachotokota.

"Tangu lini, baba Bupe?"

"Tangu ulipoanza kunishibisha," alijibu kwa shida. "Sikuwa na njaa, mke wangu. Nilikuwa nakosa pumzi."

Sekela alilia palepale, bila kumwonea haya fundi. Kisha injini ikawaka, ikanguruma kwa upole, wakateremka mlima na kuuacha ukungu nyuma.

Hospitalini walimkuta na maji kifuani, wakayatoa. Gwakisa alipoweza kuketi, jirani mmoja alimletea bakuli la ndizi zilizopikwa kwa maziwa, akamsogezea mdomoni. "Kula, shemeji, zote, upate nguvu!"

Sekela akaushika mkono wa jirani, akaushusha taratibu.

"Msikilize kwanza," alisema. "Asiyesikia pumzi hulisha hadi kukaba."