Bibi Kindi Ashinda Mtoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatia saini kwa kucha, palikuwa na mto mpana uliokwenda polepole. Ukingoni mwa mto huo wanyama walikuwa na klabu ya kushindana kwa mashua ndogo za tanga. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Kifaru. Katibu alikuwa Ngiri. Bingwa alikuwa Nyati. Kila Nyati alipopanda mashua yake, nusu yake ilizama, lakini hakuna aliyethubutu kucheka.

Tulieni wanangu, sogeeni. Kisa hiki nakisema taratibu.

Katika klabu hiyo alikuwamo Mzee Kindi, fundi wa mashua. Alijenga gati dogo chini ya mkuyu, ubao kwa ubao, kwa mikono yake mwenyewe. Kila Jumamosi alishika usukani, na mkewe, Bibi Kindi, akashika kamba ya tanga. Mkia wa Bibi Kindi uliujua upepo kabla upepo haujafika.

Mwaka mmoja, msimu wa mashindano ulipokaribia, Mzee Kindi akaugua homa siku tatu, akafa. Mungu alimleta, Mungu akamchukua. Bibi Kindi akakaa matanga, akalia kama wanavyolia wote waliopendwa.

Hata arobaini haijafika, mlango ukagongwa. Ngo! ngo! ngo!

"Hodi! Bibi Kindi, pole kwa msiba."

"Tumeshapoa, Mwenyekiti. Karibu kitini."

"Sikai," akasema Kifaru. Nyuma yake alisimama Ngiri na daftari kwapani. "Nimekuja kwa habari ya lile gati. Mwenyewe amefariki, basi gati linarudi klabuni. Nyati atafunga mashua yake pale."

Bibi Kindi akainuka mkekani.

"Gati lile kalijenga mume wangu. Na alikusudia kuandikisha jina langu katika daftari. Katibu anajua."

Ngiri akajikuna sikio. "Kweli, Mwenyekiti, marehemu alisema..."

"Kimya!" Kifaru akapiga mguu chini, tifu! Vumbi likatumbukia katika bakuli la uji. "Klabuni kwetu tunafuata kilichoandikwa. Kilichokusudiwa hakina wino!"

Bibi Kindi akayaweka maneno hayo moyoni, kama anavyoweka karanga ya akiba.

"Basi nitalishindania," akasema.

"Wewe? Wewe uko kwenye matanga!"

"Ndiyo. Siku ya arobaini naanua matanga. Siku ya arobaini na moja natweka tanga."

"Unabisha?"

"Nabisha, Mwenyekiti. Mume wangu alinifundisha kwamba upepo ukija usoni, mashua haifiki ila kwa kubisha. Huku kidogo, kule kidogo, mpaka unafika."

Kifaru akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Haya, njoo ubishe! Msimu una Jumamosi saba. Usipopata hata moja, gati unaliacha."

Basi, wanangu, msimu ukaanza.

Jumamosi ya kwanza Nyati akaleta mwili wake wote upande wa upepo. Tanga la Bibi Kindi likalegea, pwaa, kama nguo juu ya kamba. Jumamosi ya pili boya la kuzungukia likahamishwa, na wote wakaambiwa isipokuwa yeye. Jumamosi ya tatu Nyati akamgonga ubavuni, gubu! Bibi Kindi akaanguka majini, chubwi!

"Samahani, shemeji!" Nyati akapiga kelele. "Sikukuona. U mdogo mno."

"Mimi nilikuona, shemeji," Bibi Kindi akamjibu huku akitema maji. "Na kabla ya kukuona nilikusikia harufu!"

Ya nne akashindwa. Ya tano akashindwa. Ya sita akashindwa. Kila mara alirudi, akakamua kanga yake, akapapasa mkia wake na kusema, "Asante Mungu, mkia upo." Kisha akaifunga mashua pale pale chini ya mkuyu, Kifaru akimtazama.

Ikabaki Jumamosi moja.

Siku hiyo walialikwa wageni kutoka juu ya mto, Chifu Tembo na jamaa zake. Kifaru alitaka waone klabu ilivyo kubwa. Akamwita Ngiri, akamwambia aandike kwenye ubao, kwa chokaa, herufi nene. Ngiri akaandika kama alivyoambiwa:

ATAKAYESHINDA MTONI JUMAMOSI HII, GATI LA MKUYU NI LAKE MAISHA.

Kifaru akakanyaga chini ya maandishi kwa mguu wenye tope. Huo ndio ulikuwa mhuri.

Bibi Kindi akaja, akasoma. Akasoma tena, ukucha wake ukifuata neno moja moja.

"Mwenyekiti, ni hivi hivi kama ilivyoandikwa?"

"Hivi hivi! Hujui kusoma?"

"Hakuna neno jingine lililokusudiwa pembeni?"

"Hakuna! Naapa kwa pembe yangu!"

"Mungu ndiye shahidi," akasema Bibi Kindi, akaenda zake.

Jumamosi ilipofika, jua halijachomoza, Bibi Kindi alikuwa tayari mtoni. Alikuwa na karanga chache, kibuyu cha maji, sindano na uzi.

Saa tatu baragumu likalia, puuu! Mashua zikaondoka. Nyati akapita karibu na Bibi Kindi makusudi, pembe yake ikalipata tanga. Charrr! Likachanika kutoka juu mpaka chini. Nyati akatangulia, akazunguka boya, akafika wa kwanza. Ngoma zikalia. Wote wakapanda ukingoni, kwa sababu harufu ya pilau ilikuwa imeshatoka jikoni.

Ngiri akabaki nyuma. "Bibi Kindi! Mbio zimekwisha! Toka juani!"

"Shughuli yangu haijaisha, Katibu!"

"Pilau litaisha!"

"Kuleni na fungu langu!"

Jua likawaka. Bibi Kindi akakata kipande cha kanga yake, akakishona kwenye tanga. Mahali alipozoea kukaa mumewe palikuwa wazi. Akaweka karanga moja pale, akaendelea kushona.

Saa saba mvua ikamwagika, akaikoga. Saa nane jua likarudi, likamkausha. Njaa ikamuuma. Klabuni walikuwa wakiimba na kugonga vikombe. Mara mbili mashua ilisukumwa na maji mpaka karibu na ukingo, na mara mbili akaigeuza, akarudi katikati ya mto. "Ee Mungu, nipe mpaka magharibi tu," akasema. "Zaidi ya hapo sikusumbui."

Jua lilipoanza kuzama, Kifaru akawateremsha wageni ili waone bingwa anavyokabidhiwa gati. Chifu Tembo akamwona Bibi Kindi juu ya maji, kanga imechakaa, macho mekundu.

"Yule si mjane wa fundi?" akauliza. "Mbona mnampita bila kumsalimu? Kwenu hakuna adabu?"

Kifaru akaona haya mbele ya wageni. Akakohoa, akalainisha sauti.

"Bibi Kindi! Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, Mwenyekiti!"

"Umeshinda wapi leo, mbona mezani hatukukuona?"

Bibi Kindi akasimama wima juu ya mashua, mkia juu kama mlingoti. Akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo:

"Nimeshinda mtoni!"

Kisha akageuka. "Na wewe, shemeji Nyati, umeshinda wapi?"

Nyati alikuwa akichokoa meno. Akacheka. "Mimi? Mimi nimeshinda mezani, shemeji! Tangu saa nne sijainuka!"

"Haya, Katibu," akasema Bibi Kindi. "Tusomee ubao."

Ngiri akasoma. "Atakayeshinda mtoni Jumamosi hii..." Akasita. Akautazama mto. Akamtazama Nyati. "...gati la mkuyu ni lake maisha."

Chifu Tembo akaanza kucheka. He! He! He! Wageni wakafuata, na ukingo wote ukatetemeka kwa kicheko.

"Hapana!" Kifaru akanguruma. "Huo si ushindi! Kukaa tu majini? Basi hata samaki wameshinda mtoni!"

"Wameshinda," akasema Bibi Kindi. "Kama wanalitaka gati, nao waje waseme."

Kambale akatoa kichwa majini. "Sisi hatulitaki," akasema, akazama. Chubwi!

"Lakini mimi nilikusudia mashindano!" Kifaru akapiga miguu, tifu! tifu! "Nilikusudia atakayekuwa wa kwanza! Kila mtu anajua nilichokusudia!"

Hapo Ngiri, ambaye msimu mzima alikuwa amefunga mdomo, akainua kalamu yake.

"Mwenyekiti," akasema, "kilichokusudiwa hakina wino."

Kifaru akaitazama pembe yake. Alikuwa ameapa kwa pembe yake, na pembe ilikuwa pale pale puani, kila mtu anaiona.

Bibi Kindi akaitia mashua gatini, chini ya mkuyu, akaifunga kwa fundo alilofundishwa na marehemu. Akashuka. Ngiri akafungua daftari juu ya mbao zile zile, na Bibi Kindi akatia ukucha wake kwenye wino, akaandika jina la mumewe, na chini yake jina lake.

Kifaru akamsogelea, akamnong'oneza kwa hasira:

"Hata sasa unabisha?"

"Sibishi tena, Mwenyekiti," akasema Bibi Kindi. "Upepo sasa uko nyuma yangu."

Basi wanangu, mwenye nguvu akikufungia mlango kwa maandishi, yasome maandishi yake vizuri kuliko anavyoyasoma yeye.