Pimbi na Maji ya Mfalme Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga miji na kufanya biashara, kulikuwa na ufalme katikati ya jangwa la Arabuni. Mfalme wake alikuwa Chui, na mji wake ulichongwa ndani ya majabali mekundu.

Ufalme huo ulikua kwa sababu ya maji. Ngamia waliobeba ubani kutoka kusini hawakuwa na pengine pa kunywa. Msafara ukifika, Chui alisimama langoni akanguruma, ngrrruuu, na maji yakashuka mferejini, chururu, chururu. Aliyetaka kunywa aliacha nusu ya mzigo wake.

"Maji yananitii mimi," Chui alikuwa akiwaambia, nao wakaamini.

Lango hilo lilifagiliwa na Pimbi, jina lake Nusaiba. Siku moja alimwona Suhaili, ngamia mzee, akifukuzwa kwa kuwa ubani wake ulikuwa umemwagika njiani. Kiu ilikuwa imemzidi.

"Pumzika hapa kivulini, babu," Nusaiba akamnong'oneza. "Mvua haijanyesha mwaka wa tatu huu. Maji haya yanatoka wapi?"

"Si yanatoka kwenye ngurumo ya mfalme?"

"Mbona akinguruma chumbani kwake sakafu hubaki kavu?"

Nusaiba akaufuata mfereji, akapanda mwamba hadi kileleni. Huko akakuta chemchemi iliyozibwa kwa jiwe, na Fisi, mtumishi wa mfalme, ameketi kando. Ngurumo ilipopanda kutoka chini, Fisi akalisukuma jiwe. Kumbe ndivyo ilivyokuwa.

Alasiri msafara mwingine ukaonekana kwa mbali. Nusaiba akamwendea Fisi.

"Bwana Fisi, nyuma ya kasri wamechinja kondoo. Mifupa imetupwa tu."

"Ina uboho?"

"Sikuipasua."

Fisi akatoka mbio, vuup. Nusaiba akawaita pimbi wenzake, akawaambia, "Mkinisikia nikilia, sukumeni jiwe kwa pamoja." Kisha akashuka langoni.

Chui akanguruma. Maji hayakushuka. Akanguruma tena mpaka koo likamkauka. Ngamia wakatazamana.

"Mfalme wangu, labda nijaribu mimi," akasema Nusaiba.

Chui akacheka. "Haya, jaribu."

Nusaiba akalia, kwii. Chururu, chururu, maji yakashuka. Suhaili akawa wa kwanza kuinamisha shingo.

"Sasa twendeni juu," Nusaiba akawaambia ngamia, "mkaone kinachoyaleta."

Walipofika kileleni walikunywa bila kutoa mzigo wowote, na ng'ambo ya mlima wakaona njia ya kwenda kaskazini. Tangu hapo hakuna msafara uliopita langoni. Soko likafungwa, wakazi wa mji wakahama, mchanga ukaingia kasrini kupitia madirishani.

Chui naye alipanda kunywa chemchemini, akasubiri zamu yake nyuma ya ngamia.

"Ulinigunduaje?" akamuuliza Nusaiba.

"Niliyafuata maji tu, mfalme wangu."

Basi, wanangu, utawala unaosimama juu ya siri huanguka siku mtu mmoja anapouliza na kwenda kutazama.